Parke ni ya nani? Maana ya «Urithi wa Dunia» na ya neno «hatarini» kwa watu wa Kivu na kwa msafiri

Njia panda ya Miti, kaskazini mwa Bukavu, ndipo barabara ya Kavumu na Katana inapoachana na ile ya Kisangani, na ndipo msafiri anayetaka kuwaona gorila anapoanza kupanda kuelekea Tshivanga, lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Katika magari yanayopita hapo kuna maneno ambayo nimeyasikia kwa vijana na kwa wazee: kwamba msitu ule si wetu tena, kwamba ulikwisha kuuzwa kwa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, lenye makao yake Paris. Wengine huongeza kwamba wazungu wa Paris wameuandika msitu «hatarini», kwa hiyo iko siku watakuja kuufunga na kuchukua kilichobaki. Na mgeni akifika mjini, swali lake la kwanza linatokana na neno lile lile: je, «hatarini» maana yake ni kwamba atakayeingia humo hatatoka salama?

Yote matatu ni makosa, na makosa haya yanatugharimu. Mtu anayeamini kwamba msitu umeuzwa Paris hawezi kumdai mwenye dhamana wa kweli. Mtu anayedhani kwamba orodha ya UNESCO inazungumzia usalama wa msafiri atakwenda mahali ambapo hakupaswa kwenda, au ataacha kwenda mahali ambapo angeweza kwenda bila wasiwasi. Ndiyo maana inafaa kuyafungua maneno haya moja baada ya jingine, kuanzia lile tunalolitumia kila siku.

Neno hilo ni parke. Katika Kiswahili cha Bukavu na Goma tunaita parke kila msitu unaolindwa na watu wenye sare, lakini sheria inatofautisha. Hifadhi ya taifa ni eneo ambalo Serikali yenyewe imeliwekea mipaka na kuamua kwamba ndani yake hakuna kulima, kuwinda, kuchimba madini wala kujenga makazi. Virunga ndiyo ya kwanza katika bara zima la Afrika: ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa jina la mfalme wao Albert. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikiwa na eneo la milimani tu, yaani hekta 60,000 hivi, kisha mwaka 1975 ikapanuliwa mara kumi hadi kuteremka kwenye misitu ya tambarare ya upande wa Shabunda na Walikale. Hali ya msitu wa okapi huko Ituri ni nyingine. Ule ni hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1992, na ndani yake Wambuti na Waefe wanaendelea kuishi na kuwinda kwa ajili ya chakula chao, kwa masharti. Itombwe, huku kwetu Kivu ya Kusini, nayo ni hifadhi asilia ambayo mipaka yake ilijadiliwa kwa miaka mingi pamoja na vijiji vilivyomo. Kwa hiyo mtu akisema «parke», inafaa kwanza kumwuliza: parke ya namna gani? Jibu ndilo linaloamua kama mama wa kijiji cha jirani anaruhusiwa kuokota kuni au atakamatwa.

Katika aina zote hizi, mwenye mali ni mmoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya Taifa, na sheria ya mwaka 2014 kuhusu kuhifadhi mazingira asilia inaendeleza msingi huo huo kwa maeneo yanayolindwa. Chombo cha Serikali kinachoyasimamia ni ICCN, Taasisi ya Kongo ya Kuhifadhi Mazingira Asilia. Hao ndio «watu wa parke».

Sasa UNESCO inaingia wapi?

Mwaka 1972 mataifa yaliyokutana Paris yalipitisha mkataba unaohusu mali za asili na za kitamaduni ambazo thamani yake inavuka mipaka ya nchi moja. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, iliuridhia mkataba huo mwaka 1974. Nchi iliyouridhia ina haki ya kupendekeza maeneo yake yaandikwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Pendekezo linatoka kwa Serikali ya nchi yenyewe; wataalamu wanalichunguza, kisha kamati ya nchi 21, inayokutana mara moja kwa mwaka, inakubali au inakataa. Hakuna eneo linaloweza kuandikwa bila mwenyewe kuomba. Kongo iliomba, na maeneo yake matano yakakubaliwa: Virunga mwaka 1979, Garamba na Kahuzi-Biega mwaka 1980, Salonga mwaka 1984 na hifadhi ya okapi mwaka 1996.

Kuandikwa huko kunafanana na jambo ambalo kila mtu wa miji yetu amewahi kuliona. Tembea Kadutu, Goma au Lubumbashi, utakuta nyumba ambazo wenyewe wamechora ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Aliyeandika ni mwenye nyumba au watoto wake. Wanatangaza mbele ya majirani na wapita njia kwamba mali hii ni ya ukoo, na komisionere yeyote, yaani dalali, atakayemleta mnunuzi ajue kwamba anadanganywa. Maandishi yale hayampi jirani umiliki hata wa tofali moja. Yanampa kitu kingine: haki ya kushangaa na kupiga kelele siku atakapomwona mtoto mmoja wa ukoo akipima kiwanja usiku pamoja na wageni.

Urithi wa Dunia ni maandishi ya namna hiyo. Nchi imetangaza mbele ya mataifa mengine kwamba msitu huu hauuzwi, na mataifa yamesikia. Mkataba wenyewe unalisema wazi: ibara ya 4 inaweka wajibu wa kulinda juu ya nchi yenye mali, na ibara ya 6 inasema kwamba mamlaka ya nchi hiyo juu ya ardhi yake, pamoja na haki za umiliki zilizowekwa na sheria zake, yanaheshimiwa kikamilifu. UNESCO haina askari huko Tshivanga, haikusanyi pesa za kiingilio, haina hati ya kiwanja na haiwezi kumfukuza wala kumrudisha mtu. Hata mfuko wake wa kusaidia maeneo yaliyoandikwa ni mdogo mno ukilinganisha na mahitaji ya hifadhi moja tu kama Salonga, ambayo ni kubwa kuliko nchi nzima ya Ubelgiji.

Nguvu ya maandishi hayo inaonekana vizuri katika kisa cha mafuta ya Virunga. Kampuni moja yenye makao yake London ilikuwa na kibali cha kutafuta mafuta upande wa Ziwa Edward, ndani ya hifadhi. Kibali hicho hakikutolewa na UNESCO. Kilitolewa na Serikali yetu, ile ile iliyokuwa imeandika ukutani kwamba kiwanja hakiuzwi. UNESCO haikuweza kukifuta. Kilichotokea ni kwamba wavuvi, wanaharakati wa Goma na Rutshuru, mashirika ya mazingira na mataifa mengine walikuwa na maandishi ya kuyaonyesha kwa kidole, na mwaka 2014 kampuni ilitangaza kwamba inasimamisha shughuli zake humo. Mwaka mmoja ulitosha kuonyesha mambo mawili: kwamba orodha haina mikono, na kwamba haiko bure.

Kuna mtu wa tatu anayewachanganya wengi, naye ni yule tunayemwita zamu, yaani mlinzi wa nyumba. Mwenye nyumba anaweza kumwajiri zamu, na zamu huyo anaweza kuwa mgeni kabisa katika mtaa, akawa ndiye anayefungua lango, anayewahoji wageni na hata anayepokea pesa. Baada ya miaka kadhaa, watoto wa mtaa huanza kudhani kwamba nyumba ni yake. Ndivyo ilivyo katika baadhi ya hifadhi zetu. Garamba inaendeshwa tangu mwaka 2005 kwa ushirikiano wa ICCN na shirika la African Parks. Virunga inaendeshwa pamoja na Wakfu wa Virunga, na Kahuzi-Biega ina mkataba na shirika la WCS la Marekani. Mikataba hiyo ina muda na ina masharti. Inaweza kuwa mizuri au mibaya, na raia ana haki ya kuuliza imeandikwa nini ndani yake, lakini si hati za kuuziana ardhi. Mtu akiona magari meupe yenye nembo za kigeni na akahitimisha kwamba nchi imeuzwa, amemchukua zamu akamfanya mwenye nyumba.

Tufike sasa kwenye neno lililoleta fujo kuliko yote: hatarini.

Pamoja na orodha kuu, mkataba wa mwaka 1972 una orodha ya pili, ya urithi ulio hatarini. Virunga iliingizwa humo mwaka 1994, Garamba mwaka 1996, Kahuzi-Biega na hifadhi ya okapi mwaka 1997, Salonga mwaka 1999. Kwa muda mrefu maeneo yetu yote matano yalikuwa katika orodha hiyo. Salonga ilitolewa mwaka 2021, baada ya hali ya bonobo na tembo wa msitu ule kuonekana kutengemaa na ulinzi kuimarika.

Wengi wanaipokea habari ya kuingizwa humo kama ile alama nyekundu ambayo watu wa ofisi ya mipango miji huipaka ukutani, ya kwamba nyumba hii itabomolewa. Sivyo. Nyumba inayotakiwa kubomolewa imeondolewa thamani yake. Eneo lililo katika orodha ya hatari limethibitishwa tena kwamba lina thamani, na kwamba thamani hiyo inapotea kwa sababu zinazojulikana: ujangili, uchimbaji wa madini, ukataji wa miti kwa ajili ya makala (mkaa), vikundi vyenye silaha. Kuandikwa humo ni kama daktari kumwandikia mgonjwa kitanda. Lengo ni nchi na washirika wake wakubaliane hatua gani zichukuliwe, zikatimizwe, kisha jina litolewe. Adhabu ya kweli ni nyingine kabisa, yaani kufutwa katika orodha kuu, na hiyo imetolewa mara tatu tu tangu mkataba uwepo: hifadhi ya swala huko Oman mwaka 2007, bonde la mto Elbe huko Dresden mwaka 2009, na bandari ya Liverpool mwaka 2021. Hakuna nchi ya Afrika kati yao.

Majirani zetu wanatupa mifano mizuri kuliko hiyo ya mbali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, huko pwani ya Tanzania ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara karne nyingi kabla hakijapanda hadi Kivu, yaliingizwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu kuta zilikuwa zinaliwa na bahari na mvua. Yalitolewa mwaka 2014. Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda yaliungua moto mwaka 2010, yakaandikwa hatarini mwaka huo huo, yakajengwa upya kwa ufundi wa jadi wa kuezeka nyasi, na mwaka 2023 yakatolewa. Hakuna aliyemnyang'anya Kabaka makaburi ya babu zake kwa sababu yalikuwa katika orodha.

Mifano hiyo inafungua pia fundo la msafiri. Kilwa ilikuwa «hatarini» kwa miaka kumi, na mgeni aliyetembea pale hatari pekee aliyokutana nayo ilikuwa jua kali. Urithi ulio hatarini maana yake ni kwamba ukuta, mnyama au msitu ndio ulio katika hatari. Mahali pa hatari ni pale ambapo mtu ndiye anayeweza kudhurika. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, na sisi tumeyaunganisha. Hifadhi inaweza kuwa katika hali ya kwanza bila ya pili, na kinyume chake pia ni kweli, kwani mji usioandikwa katika orodha yoyote unaweza kuwa na barabara ambayo hakuna mtu mwenye busara atakayeipita.

Kwa bahati mbaya, huku kwetu hali zote mbili zimekutana mara nyingi. Virunga ilipokea wageni kwa maelfu katika miaka iliyofuata 2014, ikiwa bado katika orodha ya hatari. Mei 2018, baada ya mlinzi wa kike kuuawa na watalii wawili wa Uingereza kutekwa nyara pamoja na dereva wao, ikasimamisha utalii, ikaurudisha Februari 2019. UNESCO haikufunga wala haikufungua. Uamuzi ulikuwa wa wasimamizi wa hifadhi. Na tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, swali la usalama haliwezi kujibiwa kwa orodha wala kwa habari ya mwezi uliopita. Anayetaka kupanda Nyiragongo au kufika Tshivanga aulize hifadhi yenyewe, awaulize madereva wa njia ile, awaulize wenyeji wa Miti na Rutshuru, na aulize wiki ile ile ya safari. Volkano nayo haisomi orodha: Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na huo wa 2002 ulipitisha lava katikati ya mji wa Goma.

Nikirudi kwenye umiliki, kuna jambo ambalo nisingelitendea haki kama ningeishia kusema kwamba «mali ni ya Serikali» kisha nikapita. Kabla ya mwaka 1970, ndani ya misitu ya Kahuzi kulikuwa na watu. Watwa, mojawapo ya jamii za Mbilikimo, waliishi humo kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma dawa, na majina ya vilima na mito yalikuwa yao. Hifadhi ilipoundwa na kupanuliwa, waliondolewa bila kuulizwa na bila kulipwa, wakaachwa pembezoni mwa vijiji vya wengine, bila ardhi. Katika ukanda wa Nindja, unaounganisha sehemu ya milima na sehemu ya tambarare, wakulima nao walijikuta ndani ya mipaka iliyochorwa mezani. Mwaka 2018 baadhi ya familia za Watwa zilirudi msituni, na kukafuata mapigano, vifo na nyumba kuchomwa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza hadharani uamuzi wake kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega, na ikaitaka iwarudishie ardhi yao na kuwafidia.

Angalia ni nani aliyehukumiwa. Si UNESCO, na si shirika la kigeni. Ni mwenye nyumba. Kuondolewa kwa Watwa kulianza miaka kumi kabla ya Kahuzi-Biega kuandikwa katika Urithi wa Dunia, na wajibu wa kurekebisha uko pale pale ulipokuwa tangu mwanzo. Nchi yetu imejipa hata sheria ya kuanzia, ile ya Julai 2022 inayolinda na kukuza haki za jamii za asili za Mbilikimo. Kila mara tunaposema «ni mambo ya UNESCO», tunamsaidia mdaiwa kutoka kwa mlango wa nyuma, na familia iliyo nje ya msitu inabaki bila mtu wa kumwelekea. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mkanganyiko huu unapofanya uovu wake mkubwa.

Sisemi hayo ili kupunguza thamani ya msitu. Kahuzi-Biega iliandikwa kwa sababu moja tu kati ya vigezo kumi vilivyopo, kigezo cha wingi na upekee wa viumbe, na kiini chake ni gorila wa tambarare ya mashariki, anayepatikana Kongo peke yake duniani. Watu wengi, wakiwemo wanaowaongoza wageni mjini, humchanganya na gorila wa milimani wa Virunga. Ni ndugu wa karibu lakini hawafanani: yule wa milimani ana manyoya marefu zaidi na anaishi kwenye miteremko ya volkano tunayoigawana na Rwanda na Uganda, pamoja na msitu wa Bwindi, na huyu wa Kahuzi-Biega ni mkubwa zaidi wa mwili. Idadi ya wale wa milimani imepanda, ikavuka 1,000 katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2018. Wale wa Kahuzi-Biega wamepungua vibaya tangu vita na tangu watu walipoanza kuingia msituni kwa wingi kutafuta koltani. Sokwe ni mnyama mwingine tena. Anayetaka kumwona karibu atawakuta Lwiro, mbele kidogo ya Kavumu, ambako yatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara hutunzwa, kando ya kituo cha utafiti cha tangu zama za Wabelgiji ambacho majengo yake peke yake yanastahili safari. Lwiro haimo katika orodha yoyote ya dunia, jambo linaloonyesha kwamba orodha si kipimo cha kila kilicho kizuri.

Msafiri akifika Tshivanga atavalishwa barakoa kabla ya kuwakaribia gorila, atazuiwa akiwa na mafua, na mtoto mwenye umri chini ya miaka 15 hataruhusiwa kwenda. Wengine hudhani ni urasimu. Sababu ni kwamba miili ya gorila inafanana na yetu kiasi cha kuambukizwa kikohozi chetu, na hawana kinga nacho.

Thamani iliyoandikwa inaweza kupotea hata kama jina linabaki. Garamba iliingia katika orodha pamoja na faru weupe wa kaskazini, ambao mwishowe walibaki porini pale tu. Majangili waliwamaliza. Leo wamebaki majike wawili, mama na mwanawe, wanaotunzwa huko Kenya, na Juni 2023 Garamba ilipokea faru weupe 16 kutoka Afrika Kusini, ambao ni wa aina ya kusini. Nilifurahi kusikia habari hiyo, lakini wale wa zamani hawakurudi.

Limebaki fundo la mwisho, nalo hulisikia zaidi kwa watu wa Lubumbashi kuliko kwa wa Kivu: kwamba urithi wa Kongo ni wanyama na miti tu, kwamba dunia haikuona chochote kilichotengenezwa na mkono wetu. Ni kweli kwamba maeneo yetu matano yote yameandikwa kwa vigezo vya asili, na hakuna hata moja la kitamaduni. Lakini tayari tumeona ni nani anayepeleka maombi. Rumba ya Kongo iliandikwa tarehe 14 Desemba 2021, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville, chini ya mkataba mwingine, wa mwaka 2003, unaohusu urithi usioshikika: nyimbo, ngoma, ufundi, mambo ambayo hayana mipaka ya kupimwa na hayana lango la kulipia. Kwa hiyo rumba si «eneo» la Urithi wa Dunia, na wanaoihesabu kama la sita wanachanganya vitabu viwili. Vilevile ipo lukasa ya Waluba, kibao cha mbao kilichopambwa kwa shanga ambacho wenye kumbukumbu walikisoma kwa vidole ili kusimulia historia ya ufalme. Ipo bwami, jumuiya ya jadi ya Walega, iliyofundisha kwa vinyago vidogo vya mbao na pembe, na ambayo Wabelgiji waliipiga marufuku. Yako makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambamo wafu walizikwa na vyungu vyao na misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo ilitumika kama pesa, na ndiyo iliyowekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Mtu wa Lubumbashi anayesema kwamba hatuna kitu amekuwa akiitazama tangu utotoni.

Asili na utamaduni wenyewe haujui mgawanyo wa orodha. Mahali panapoonyesha hilo kuliko pote ni Ishango, ndani ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Msafiri aliyefika huko atakumbuka viboko na ndege wa majini wasiohesabika. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita kumi hivi, wenye kipande cha jiwe la kwazi mwishoni na chale zilizopangwa katika safu tatu. Hesabu chale hizo: safu mbili zina jumla ya 60 kila moja, ya tatu 48. Mfupa una umri wa miaka kama 20,000, na mpaka leo wataalamu wanabishana ulikuwa wa kuhesabia nini. Wavuvi walioishi kando ya ziwa letu walikuwa wakiweka hesabu za kitu fulani, kwa utaratibu, na wakatuachia.

Katika sababu zilizoifanya Virunga iandikwe mwaka 1979 yamo mandhari yake, volkano zake na viumbe wake. Mfupa wa Ishango haumo, na hata pale ulipochimbwa haupo. Umehifadhiwa Brussels, katika taasisi ya mambo ya asili.